Damu ya Mama Mja Mzito: Kwa Nini Skimu Yahitaji Kunde na Maziwa Pamoja

Kila mkulima mwenye shamba la maji kando ya mto Turkwel, kuanzia Kainuk hadi Katilu na kuendelea chini, anajua jambo hili: maji yakiisha kuingia katika mfereji, hapana budi yapate mahali pa kutokea. Milango ikifanya kazi, kila shamba hupata zamu yake na mfereji hutulia. Mlango mmoja ukikwama, maji hupanda na kubomoa kingo, na shamba la chini hukauka hali la juu limezama.

Mwezi huu twataka kueleza kitu kilichomo katika damu ya binadamu ambacho mwendo wake wafanana na maji hayo. Jina lake ni homosisteini. Jina ni gumu, lakini yafaa wanawake kwa wanaume walijue, kwa sababu lahusu mama mja mzito, lahusu mtoto aliye tumboni, na lahusu yale tunayoyapanda na tunayoacha kuyapanda katika mashamba yetu.

Homosisteini hailiwi. Mwili huifanya wenyewe kila siku, kutokana na sehemu moja ya protini iitwayo methionini, ambayo tunaipata katika nyama, maziwa, mayai na nafaka. Si sumu iliyotoka nje, wala si ugonjwa wa kuambukizwa. Ni kitu cha katikati, kilichotoka hali moja na kinangoja kugeuzwa kuwa hali nyingine.

Milango ya kuigeuza ni miwili. Mlango wa kwanza huirudisha iwe methionini tena, nayo hutumika upya mwilini. Mlango huo ni mzito na hauinuliwi na mtu mmoja, wataka wawili: vitamini iitwayo foliki na vitamini B12. Akikosekana mmoja, mwenzake husimama bure. Mlango wa pili huigeuza kuwa kitu kingine chenye faida, na mlinzi wake ni vitamini B6. Walinzi hawa watatu wote ni wa ukoo wa vitamini B. Wakiwapo wote, homosisteini hubaki kidogo katika damu. Wakikosekana, hupanda kama maji ya mfereji.

Kwa mtu mzima wa kawaida, waganga huhesabu kwamba kipimo cha mikromoli 5 hadi 15 katika lita moja ya damu si kibaya. Kwa mama mja mzito kipimo hushuka chini zaidi, kwa kuwa maji ya damu yake huongezeka na mwili wake hubadili kazi zake nyingi. Kwa hiyo kipimo ambacho kwa mwanamume kingeitwa cha kawaida, kwa mama mwenye mimba chaweza kuwa dalili kwamba kuna mlango uliokwama.

Je, homosisteini ikipanda kuna hatari gani? Imeonekana kwamba huenda pamoja na kuharibika kwa ngozi laini ya ndani ya mishipa ya damu. Na kondo la nyuma, ambalo ndilo mlango wa mtoto kupata chakula na hewa, limejaa mishipa midogo midogo ya damu. Katika wilaya ya Hordaland, nchi ya Norway, damu za maelfu ya wanawake zilipimwa katika miaka ya 1990 na kulinganishwa na historia za uzazi wao. Wale waliokuwa na homosisteini nyingi ndio waliopatwa zaidi na shinikizo la damu la mimba, ambalo ndilo mzazi wa kifafa cha mimba, na ndio waliozaa zaidi watoto wenye uzito mdogo au kabla ya wakati. Uchunguzi mwingine umeihusisha na kondo kuachia kabla ya mtoto kuzaliwa.

Hapa mwandishi ataka kusema jambo bila kuficha. Kuonekana pamoja si sawa na kusababisha. Ukimwona tai akizunguka juu ya mzoga, huwezi kusema tai ndiye aliyemwua mbuzi. Waganga bado wanabishana kama homosisteini yenyewe ndiyo iletayo madhara hayo au ni dalili tu ya upungufu wa vitamini. Kwetu sisi wakulima ubishi huo haubadilishi kazi ya kufanya. Lakini wabadilisha jambo moja, yaani tamaa ya kumeza vidonge vingi, na hilo tutalirudia.

Kuna dhara moja ambalo halina ubishi. Katika wiki za kwanza kabisa za mimba, mgongo na ubongo wa mtoto huwa ni kama utepe ulio bapa. Utepe huo hujikunja na kingo zake hufungana, ukawa mrija. Kufungana huko humalizika karibu na siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Usipofungana vizuri upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na pengine miguu haina nguvu, mkojo haushikiki, na kichwa huanza kujaa maji. Watoto wa namna hiyo wako katika kila sehemu ya Kenya. Wengine hupelekwa Kijabe kupasuliwa, na kwa mzazi anayetoka Turkana Kusini hiyo ni safari ya siku nyingi na fedha nyingi.

Mwaka 1991 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika nchi saba, kwa wanawake ambao walikwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo. Waliopewa foliki kabla ya kushika mimba na katika miezi yake ya kwanza, hatari yao ya kuzaa mwingine ilipungua kwa asilimia 72.

Sasa hesabu siku. Mama hujuaje kwamba ana mimba? Huona amekosa siku zake, naye hungoja kidogo ahakikishe. Wakati huo siku 28 zimekwisha kupita, au zi karibu kupita. Akienda zahanati mwezi wa nne au wa tano, kama wengi wafanyavyo, kidonge atakachopewa kitamfaa kwa damu yake na kwa kukua kwa mtoto, lakini mgongo ulikwisha kufungwa zamani, vizuri au vibaya. Ndiyo maana jambo hili si la zahanati peke yake. Ni la sufuria ya kila siku, katika kila nyumba yenye mwanamke anayeweza kushika mimba, hata kama bado hajashika.

Tuje nyumbani sasa. Watu wa Kainuk na jirani zake hawali chakula cha namna moja, na kila namna ina pengo lake.

Mfugaji wa zamani, aliyekuwa na ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo, aliishi kwa maziwa, nyama na damu, pamoja na matunda ya mwituni kama edung na mkoma. Alikuwa na edodo, maziwa makavu ya kuwekea kiangazi. Mtu huyo hakukosa B12, kwa sababu B12 hupatikana katika vyakula vitokavyo kwa wanyama: maziwa, nyama, ini, samaki na mayai. Mboga za majani na nafaka hazina B12. Lakini majani mabichi, ambayo ndiyo ghala ya foliki, alikula kwa msimu tu, mvua iliponyesha.

Kisha mifugo ikapungua. Ukame wa 1979 hadi 1981 uliwamaliza wengi, na ule wa 2020 hadi 2023, ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, uliwamaliza wengine. Katikati yake kulikuwa na wizi wa mifugo mpakani. Aliyekuwa na ng'ombe akabaki na mbuzi. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: maziwa ya mbuzi ni chakula chema kwa protini na kwa mifupa, lakini ni maskini sana wa foliki. Gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina mikrogramu 5 hivi za foliki, hali maziwa ya mbuzi yana 1 tu. Hata B12 yake haifiki robo ya ile ya maziwa ya ng'ombe. Waganga wa Ulaya waliligundua jambo hili zaidi ya miaka 90 iliyopita, walipoona watoto wachanga walionyweshwa maziwa ya mbuzi peke yake wakipungukiwa damu. Basi mama mja mzito anayeishi kwa chai ya maziwa ya mbuzi na ugali asidhani amekwisha kula maziwa na mambo yametimia.

Namna ya tatu ni mkulima wa skimu mwenyewe. Ana mahindi, ana mtama, na akivuna vizuri gunia limejaa. Lakini gramu 100 za mahindi au za mtama hazina hata mikrogramu 30 za foliki, na mama mja mzito ahitaji 600 kwa siku. B12 hazina kabisa. Mkulima anayekula ugali mchana na jioni, akauza kunde zake zote barabarani kwa malori yaendayo Lodwar na Kitale, ameshiba tumbo lakini milango yote miwili ya mfereji wa damu yake haina walinzi wa kutosha. Hatusemi asiuze. Twasema apime kwanza cha nyumbani.

Foliki yenyewe ilipata jina lake kutokana na neno la Kilatini la jani. Kwanza daktari mmoja wa Kiingereza, mwanamke, Lucy Wills, alikwenda India mwishoni mwa miaka ya 1920 kuchunguza wanawake maskini wa viwanda vya nguo vya Bombay, ambao walikuwa wakipungukiwa damu vibaya wakati wa mimba. Mwaka 1931 akatangaza kwamba wamepona kwa kulishwa chachu. Hakujua ni kitu gani kilichomo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1941, wataalamu wa Marekani walikitoa kitu hicho katika majani ya spinachi, wakakiita asidi ya foliki. Spinachi ni ndugu ya mchicha wetu.

Kwa hiyo twende shambani. Mmea wa kwanza kwa mama wa Kainuk ni kunde, na sababu ni kwamba huliwa mara mbili. Majani yake huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, na punje zake huja baadaye. Kikombe kimoja cha kunde zilizopikwa chatoa zaidi ya nusu ya foliki ambayo mama mja mzito ahitaji kwa siku nzima. Ndengu hazipitwi mbali, nazo hukomaa kwa siku 60 hadi 70 na hustahimili jua letu. Mchicha huwa tayari baada ya wiki tatu hivi, na ukichuma kwa kukata ncha huchipua tena.

Tenga kitalu kidogo karibu na mfereji, hatua tatu kwa nne chatosha kuanzia, na usikipande chote siku moja. Panda theluthi leo, theluthi baada ya wiki mbili, na iliyobaki baada ya wiki mbili nyingine. Hivyo mboga haikatiki. Unapochuma majani ya kunde, usiuvue mmea wote. Chukua majani machache machanga kila mche, mwachie mengine alishe punje. Migomba michache mahali maji yanapomalizikia itakupa ndizi, na ndizi zina B6, kama vile samaki, nyama na viazi vitamu.

Kupika kwataka uangalifu, maana foliki ni kitu kinachokimbia. Huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu. Tumeona mboga ikikatwa asubuhi, ikalowekwa, ikachemshwa hadi iwe nyeusi, na maji yake yakamwagwa nje ya mlango: hapo foliki nyingi imekwenda na maji hayo. Osha majani kwanza, kisha ukate. Tia maji kidogo, funika sufuria, na uepue mara majani yanapolainika. Mchuzi wake unywewe au upikiwe ugali. Magadi huharakisha kulainisha, lakini huharibu vitamini B1, basi yaache. Ukitaka kukausha majani ya kiangazi, yakaushe kivulini penye upepo, si juani, ingawa hata hivyo yatapoteza sehemu ya nguvu yake.

Kuhusu unga: punje nzima iliyosagwa katika mashine ya posho hubaki na ganda lake na kiini chake, ambamo ndimo B6 na ndugu zake wengi wamo. Mahindi yaliyokobolewa hupoteza sehemu kubwa. Unga wa pakiti wa dukani ni habari nyingine, kwa sababu tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti utiwe foliki, B12, chuma na vitamini nyingine. Tazama alama yake kwenye pakiti. Unga wa mashine ya kijijini hautiwi kitu, kwa hiyo anayesaga mahindi yake mwenyewe ni lazima aongeze kwa kunde na mboga kile ambacho kiwanda humwongezea mnunuzi.

Upande wa B12, mama mja mzito ahitaji mikrogramu 2.6 kwa siku. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe chatoa karibu 1. Kipande cha nyama ya mbuzi cha gramu 100 chatoa 1 na zaidi. Samaki mkavu wa Ziwa Turkana, ambaye hupita sokoni kila wiki, ni mzuri sana, na mara nyingi ni rahisi kuliko nyama. Ini lina B12 na foliki kwa wingi mno, lakini mwenye mimba ale kidogo tu, si kila siku, kwa kuwa lina vitamini A nyingi ambayo ikizidi yaweza kumdhuru mtoto. Maziwa yachemshwe daima na damu ipikwe. Ni kweli kuchemsha hupunguza vitamini kidogo, lakini homa ya maziwa mabichi yaweza kutoa mimba, na hasara hiyo hailinganishwi na hii.

Desturi ya kumpa mgeni na wazee nyama kwanza ni njema na hatuigusi. Lakini katika nyumba ambamo mna mama mwenye mimba, au bibi aliyeolewa karibuni, fungu lake litengwe kabla sahani haijatoka. Baba ndiye mwenye kusema neno hilo, maana yeye akisema hakuna atakayelipinga.

Sasa vidonge. Katika kliniki ya waja wazito mama hupewa kidonge kimoja cha kila siku chenye chuma miligramu 60 na foliki miligramu 0.4. Akimeze. Kikimchafua tumbo, akimeze usiku baada ya chakula, asikitupe. Choo kikiwa cheusi asiogope, ni chuma. Anayenuia kushika mimba aende kukiomba foliki mapema, wala asione haya. Na mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi amwambie mwuguzi waziwazi kabla ya kushika mimba nyingine, kwa sababu kipimo chake ni kikubwa zaidi na huandikwa na daktari.

Lakini angalieni: kidonge hicho hakina B12. Kinamleta mlinzi mmoja wa mlango, na mwenzake lazima atoke katika maziwa, nyama au samaki. Zaidi ya hayo, foliki nyingi yaweza kurudisha wekundu wa damu wa mtu aliyepungukiwa B12, hivyo ugonjwa ukajificha huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Mama anayesikia ganzi miguuni na mikononi, au ulimi wake umekuwa mwekundu na wa kuuma, au anachoka akipanda kingo za mfereji, akaonyeshe hali hiyo.

Katika Dar es Salaam, kati ya mwaka 2001 na 2004, waja wazito 8,468 wasio na virusi vya Ukimwi walichunguzwa. Wote walipewa chuma na foliki. Nusu yao waliongezewa vitamini nyingine, za ukoo wa B pamoja na C na E. Waliozaa watoto wenye uzito chini ya gramu 2,500 walikuwa asilimia 7.8 kwa walioongezewa, na asilimia 9.4 kwa wasioongezewa. Tofauti si ya mwujiza, na kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Hata hivyo, wazidishe kwa mama wote wa Afrika Mashariki uone ni watoto wangapi.

Tena tuliahidi kurudia habari ya kumeza vingi. Wengine walifikiri hivi: ikiwa homosisteini huenda na shinikizo la damu la mimba, na foliki huishusha, basi foliki nyingi itazuia shinikizo. Wanawake zaidi ya 2,000 wa nchi mbalimbali, waliokuwa katika hatari kubwa, walipewa miligramu 4 kila siku au kidonge kitupu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: shinikizo halikuzuiwa. Kwa hiyo asidanganyike mtu kununua mikebe ya vidonge kwa mchuuzi. Na foliki ya miligramu 5 isimezwe ovyo na mama anayepewa dawa ya SP ya kuzuia malaria, kwani huidhoofisha dawa hiyo. Ile ya 0.4 haina neno. Dawa ya shinikizo ni kupimwa kila mara uendapo kliniki. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, uso na mikono ikivimba, mama apelekwe siku hiyo hiyo, asingoje gari la soko.

Kipimo cha homosisteini si cha kawaida katika zahanati zetu, wala huna haja ya kukidai. Uliza mambo manne: wekundu wa damu, shinikizo, mkojo na malaria. Tukumbuke kwamba mahali penye mifereji pana mbu, na malaria huvunja chembe za damu, ambazo mwili hauwezi kuzijenga upya bila foliki. Neti itumike hata kiangazi. Tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, iachwe mpaka mtoto aachishwe maziwa, na kuiacha kabisa ni bora zaidi.

Mama akikaribia kujifungua hataweza kuinama kumwagilia. Basi zamu ya maji ikifika, mume au kijana wa nyumba afungulie kwanza kitalu cha kunde na mchicha, dakika chache tu, kisha maji yaende kwenye mahindi. Atakayenyonyesha atahitaji mboga hizo hizo kwa miezi mingi mbele, na mbegu za kupanda theluthi inayofuata ziwekwe katika kibuyu kikavu chenye majivu, kilichofunikwa vizuri ili fukusi wasiingie.